Barua kutoka Lisbon: sikukuu yao ina mkono wetu

Lisbon, Ureno
26 Aprili

Baba na Mama, shikamooni. Bibi, shikamoo sana. Wadogo zangu, hamjambo?

Mimi ni mzima, namshukuru Mungu. Najua leo hapo nyumbani ni sikukuu ya Muungano, Baba hajaenda kazini na nyote mpo barazani, kwa hiyo nimeona niandike leo leo. Dogo asome kwa sauti, polepole, akae upande wa sikio zuri la Bibi. Humu mna mambo yanayomhusu Bibi kuliko mtu mwingine yeyote hapo Temeke.

Niliwaambia kwenye simu kwamba likizo hii sibaki Ujerumani, naja Lisbon kutembea. Mama akauliza kuna nini Ureno. Nikajibu nauli ni nafuu na kuna bahari, na yote mawili ni kweli. Lakini nilikuwa nimeitafuta tarehe. Nilitaka niwepo hapa Aprili 25, siku kubwa kuliko zote katika kalenda yao ya siku hizi, nione kwa macho yangu wanaisherehekeaje, na kama kuna mtu anatukumbuka.

Jana ndiyo ilikuwa siku yenyewe. Wanaiita Siku ya Uhuru, ingawa mwaka ule hawakuwa wanatawaliwa na wazungu wengine wa kuwafukuza. Wanasherehekea kuanguka kwa udikteta wao wenyewe mwaka 1974. Asubuhi wabunge wanakaa kikao maalumu, hotuba zinasomwa, hayo sikuyafuata. Alasiri ndiyo mji mzima unatoka. Maandamano yalianza kushuka Avenida da Liberdade, barabara pana yenye miti mirefu pande zote mbili, kutoka mzunguko wa Marquês de Pombal kuelekea katikati ya mji. Wazee wenye mikongojo, watoto mabegani kwa baba zao, vyama vya wafanyakazi na mabango yao, wanafunzi, watu wamejaa kwenye vibaraza vya ghorofani, na karibu kila mmoja ana ua jekundu, mkononi, kifuani au nyuma ya sikio. Dogo, ungedhani ni siku ya watani wa jadi na mashabiki wa Simba peke yao ndio waliokuja uwanjani.

La kwangu nilipewa na mama mmoja mtu mzima ambaye hata hakuniuliza natoka wapi. Ua lenyewe, wao wanaliita cravo, lina bua refu jembamba lenye vifundo, petali zimebanana nyingi nyingi na ncha zake zina meno madogo madogo. Nikalinusa. Lina harufu ya karafuu kwa mbali. Nililinusa tena kuhakikisha, na kweli ni karafuu, nikashindwa kuliondoa puani mpaka jioni.

Habari ya maua hayo inajulikana na kila mtoto hapa. Asubuhi ile ya 1974, mwanamke mmoja aitwaye Celeste Caeiro alikwenda kazini kwenye mgahawa, akakuta mwenye mgahawa hafungui kwa sababu wanajeshi wameingia mjini. Maua yalikuwa yamenunuliwa kuadhimisha mwaka mmoja wa mgahawa, wafanyakazi wakaambiwa wayachukue waende nayo nyumbani. Njiani askari akamwomba sigara. Hakuwa nayo, akampa ua, na askari akalichomeka kwenye mtutu wa bunduki. Wenzake nao wakataka. Mama huyo amefariki mwaka 2024, na mapinduzi yale mpaka leo yanaitwa kwa jina la ua lake.

Jambo lililonigusa pale barabarani ni kwamba hakuna jukwaa. Sisi siku ya Uhuru, Desemba 9, tumezoea kwenda kutazama. Tunakaa uwanjani, gwaride linapita, ndege zinapita, tunapiga makofi, tunarudi. Napenda gwaride letu, msinielewe vibaya, na wimbo wa taifa bado unanitoa machozi nikiusikia huku. Ila jana wananchi wenyewe ndio walikuwa gwaride. Hakuna aliyekuwa anasubiri kiongozi apite. Natamani tungekuwa na saa mbili za namna hiyo kwetu, kuanzia Mnazi Mmoja mpaka Jangwani, kila mtu kwa miguu yake.

Mbele ya maandamano yalipita magari ya deraya ya zamani, ya aina ileile iliyotumika siku ile. Yanaitwa Chaimite. Watu wanayashangilia, watoto wanayagusa. Jina hilo walilitoa Msumbiji, mahali walipomkamata mfalme Ngungunhane mwaka 1895. Nilikuwa nimelisoma hilo kabla, kwa hiyo yalipopita sikupiga makofi. Sikukasirika pia. Niliyatazama tu, nikiwaza kwamba gari lililopewa jina la mahali alipotekwa Mwafrika ndilo lililokuja kumtoa dikteta wao.

Baba, sasa naomba tutulie hapa.

Ureno ilikaa chini ya udikteta miaka 48, tangu jeshi lilipopindua serikali mwaka 1926. Salazar alikuwa waziri mkuu kuanzia 1932 hadi 1968, akafuatiwa na Marcelo Caetano. Polisi wao wa siri, PIDE, walikuwa na masikio kila mahali. Nimepita Aljube, jela ya zamani ya wafungwa wa kisiasa karibu na kanisa kuu, ambayo sasa ni makumbusho. Vyumba walivyokuwa wakimtenga mtu ni vyembamba kiasi kwamba huwezi kunyoosha mikono yote miwili. Nilitoka haraka, nikaenda kukaa juani.

Usiku wa kuamkia Aprili 25, saa sita na dakika 20, redio ikapiga wimbo ambao wanajeshi walikuwa wamekubaliana uwe ishara. Kapteni mmoja, Salgueiro Maia, akaja na askari na magari yake kutoka mji wa Santarém. Caetano akakimbilia kambi ya askari katika uwanja wa Carmo, na jioni akajisalimisha. Watu wanne waliuawa siku hiyo kwa risasi za PIDE, waliofyatua kwenye umati nje ya makao yao. Kwa wengine wote siku ilikwisha kwa maua. Hata daraja kubwa la hapa, lililofunguliwa 1966 likaitwa Daraja la Salazar, lilibadilishwa likawa Daraja la Aprili 25.

Hayo ndiyo yanayosimuliwa. Lakini kwa nini makapteni walichoka? Hawakuamka asubuhi moja wakaipenda demokrasia. Walikuwa wanapelekwa Afrika, wanarudi, wanapelekwa tena. Vita vilianza Angola 1961, Guinea-Bissau 1963, na Msumbiji Septemba 25, 1964. Zaidi ya askari 8,000 wa Ureno walikufa katika vita hivyo, na Waafrika waliokufa ni wengi kuliko hao. Kijana akikataa kwenda ni jela, au avuke milima usiku kwa siri akaishi Ufaransa, kama walivyofanya maelfu. Makapteni ndio waliokuwa vitani, wakaona kwamba vita hivi havishindiki, na kwamba serikali ya Lisbon haitakubali kamwe kuvimaliza kwa mazungumzo. Basi wakaiondoa serikali.

Na ni nani waliofanya vita vile visishindike? FRELIMO, chama kilichopigania uhuru wa Msumbiji, kiliundwa Dar es Salaam, Juni 25, 1962. Wapiganaji wake walipata mafunzo Kongwa na Nachingwea. Shule yao, Taasisi ya Msumbiji, ilikuwa Kurasini, mwendo mfupi tu kutoka hapo mlipokaa. Kamati ya Ukombozi ya OAU, ule Umoja wa Nchi Huru za Afrika, ilikuwa na makao yake mjini kwetu. Eduardo Mondlane, kiongozi wa kwanza wa FRELIMO, aliuawa Dar, Februari 3, 1969, kwa bomu lililofichwa ndani ya kitabu alicholetewa kwa posta, akazikwa makaburi ya Kinondoni kabla ya kuhamishiwa kwao. Na makapteni walipokwisha kuchukua nchi, ujumbe wa Ureno ulikuja Dar Agosti 1974 kuzungumza na FRELIMO, ndipo mkataba ukasainiwa Lusaka Septemba 7. Msumbiji ikawa huru Juni 25, 1975, miaka 13 kamili tangu chama kilipoundwa kwetu.

Tuliambiwa shuleni kwamba Tanzania ilisaidia kuikomboa Msumbiji. Ni kweli, na tujivunie. Lakini jana, nikiwa katikati ya watu wale wote na ua langu, niliona kwamba hadithi haikuishia Maputo. Ilifika mpaka hapa. Hawa watu wanaoimba barabarani, wanaopiga kura, wanaosema wanachotaka bila kugeuka kutazama nyuma, sehemu ya uhuru wao ilipiganiwa na vijana wa Kimakonde porini na kulishwa na watu wa Mtwara na Lindi. Kijiji cha Newala kilichogawana mihogo na wakimbizi kina sehemu yake katika sherehe ya Lisbon.

Je, wanalijua hilo? Wapo wanaolijua. Kulikuwa na kundi la vijana weusi na weupe, wamebeba kitambaa kirefu kilichoandikwa kwamba Aprili 25 ilizaliwa Afrika. Nilijisogeza nikatembea nao mpaka mwisho. Msichana mmoja wazazi wake ni wa Guinea-Bissau, kijana mwingine mama yake ni wa Beira. Nilipowaambia natoka Dar es Salaam, yule wa Beira alinishika mkono na hakuuachia kwa muda. Alisema babu yake alisoma Dar. Tukazungumza kwa Kiingereza kibovu cha pande zote mbili na tulielewana vizuri sana. Lakini kundi lenyewe lilikuwa dogo, nyuma kabisa, na kwenye mabango mengine yote sikuona neno Afrika.

Maandamano yalipokwisha nilipanda mpaka uwanja wa Carmo, pale Caetano alipojisalimisha. Ni uwanja mdogo wenye miti na chemchemi, pembeni kuna kanisa ambalo paa lake lilianguka katika tetemeko la 1755 na halikujengwa tena. Nilikaa kwenye benchi. Pembeni yangu alikuwa mzee wa makamo ya Bibi, amevaa kofia, ua kifuani, na mjukuu wake wa kike anayejua Kiingereza. Mzee akauliza kupitia kwa mjukuu natoka wapi. Nikasema Tanzania.

Alikaa kimya muda mrefu. Kisha akaomba kalamu kwa mjukuu wake, akageuza karatasi ya risiti, akachora mstari wa mto Ruvuma, chini ya mto, upande wa Msumbiji, akaandika Nangade, juu ya mto akachora mwinuko. Alikuwa hapo mwaka 1972, askari wa miaka 21, opareta wa redio. Alisema jioni walikuwa wanatazama ng'ambo, upande wa kaskazini, wanauona uwanda wa juu umesimama pale, nao waliambiwa kwamba adui anatoka huko.

Nikaweka kidole kwenye ule mwinuko. Nikamwambia mjukuu wake, mwambie babu huko juu ndiko kwao bibi yangu. Newala.

Bibi, nilimweleza yote uliyotusimulia. Kwamba mlikuwa mkisimama pale Shimo la Mungu mnaona bonde lote la Ruvuma na moshi upande wa pili. Kwamba watu walivuka mto usiku na watoto na kuku, na mama yako akawapa chumba cha nafaka walale. Kwamba ndege zikisikika mlikuwa mnakimbilia chini ya mikorosho. Na kwamba shangazi yako alikanyaga bomu la kutegwa njiani kwenda mtoni, upande wetu wa mpaka, akafa kabla ya kufikishwa hospitali. Mjukuu alitafsiri hilo la mwisho kwa sauti ya chini, na mimi nilisubiri.

Mzee hakujitetea. Hakusema alikuwa anatii amri, hakusema yeye alikuwa mtu wa redio tu. Aliuliza jambo moja: ilikuwa mwaka gani?

Sikuwa na jibu. Akauliza tena, 1972? Kabla? Baada? Alitaka kujua kama yeye alikuwepo. Niliona uso wake, Bibi, na nawaambia ukweli, sikumchukia. Alisema hujaribu kila mwaka kuja hapa Carmo na ua, kwa sababu siku ile ya 1974 ndiyo alijua kwamba mdogo wake hatapelekwa Afrika. Lakini ya upande wetu hajawahi kuyasikia kwa mtu wa upande wetu. Mjukuu wake alikuwa analia wazi wazi, naye alisema babu hakuwahi kuchora ramani ile nyumbani.

Tuliandikiana namba za simu.

Leo asubuhi kabla ya kuanza barua hii nilikwenda kwenye makumbusho yao ya sanaa za kale, nikiwa na shabaha ya kitu kimoja tu. Baba utakumbuka tulipokwenda Kilwa Kisiwani, yule mzee aliyetutembeza kwenye magofu alisema Wareno waliondoka na dhahabu. Nimeiona. Vasco da Gama alikuja Kilwa mwaka 1502 na meli za mizinga, akamlazimisha sultani atoe kodi ya dhahabu, ile iliyokuwa inakuja kwa biashara kutoka Sofala. Mfalme wao, Manuel, akaamuru itengenezwe chombo cha kanisani cha kuwekea mkate mtakatifu, kikakamilika 1506. Wakati huo Kilwa ilikuwa imekwisha kuporwa tena, 1505, na Francisco de Almeida.

Kipo ndani ya kioo, na taa zimekilenga. Kimo chake kinapita nusu mita kwa kiasi kizuri, dhahabu tupu iliyochongwa vinara na matao madogo mpaka jicho linachoka, na katikati mitume 12 wamepiga magoti, kila mmoja ana uso wake na vazi lililotiwa rangi za kung'aa. Fundi alikuwa fundi kweli, siwezi kumnyima hilo. Lakini mimi niliinama kutazama kitako. Kuna maandishi yamezunguka pale chini, na yanasema bila kuficha kwamba mfalme aliamuru chombo hiki kifanywe kwa dhahabu ya kodi ya Kilwa. Jina la Kilwa limeandikwa pale, kwa herufi zao za zamani, kwenye dhahabu yenyewe. Watu walikuwa wanapita wanapiga picha za mitume. Nilitamani kumshika kila mmoja nimwambie, inama, soma hapa.

Nilirudi hotelini nikitembea, nikiwaza hili: dhahabu waliyoichukua kwetu kwa nguvu wameiandika ilikotoka. Uhuru walioupata kwa jasho la watu wa kusini kwetu haujaandikwa hivyo mahali popote nilipopita. Hawa vijana wenye kitambaa wanajaribu. Na sisi wenyewe? Wangapi hapo Temeke wanajua kilichokuwa Kurasini? Mimi mwenyewe nina bibi aliyeyaona yote, na ninachojua ni vipande vya jioni tukisubiri umeme urudi.

Basi naomba hivi. Dogo, achana na michezo ya simu siku moja, ukae na Bibi, urekodi sauti yake. Usimkatize. Muulize shangazi yake alikuwa anaitwa nani kwa jina kamili, la ukoo pia. Muulize njia ile ya mtoni ilipita wapi. Muulize wale wakimbizi waliolala chumba cha nafaka walitoka kijiji gani, na kama walipelekwa makazi ya wakimbizi ya Rutamba au walibaki hapo hapo. Na mwaka. Kama Bibi hakumbuki mwaka, amkumbuke aliyekuwa amezaliwa, au ilikuwa kabla au baada ya kuhamia kijiji cha ujamaa, Baba atahesabu kutoka hapo. Halafu, Bibi, useme wewe kama unataka yule mzee ajue au hutaki. Ukisema hutaki, sitamwambia, wala sitakuuliza kwa nini. Ukisema ajue, nitampigia mjukuu wake siku hiyohiyo.

Mama, chakula ni kizuri. Wana samaki mkavu wa chumvi wanayeitwa bacalhau, wanamloweka usiku kucha kwanza, halafu wanampika kwa viazi na mafuta ya zeituni. Ungewaonyesha afanywe nini kwenye tui la nazi. Hewa ni ya baridi kidogo asubuhi, sweta uliyonifumia ndiyo ninayovaa. Barabara ni za vijiwe vidogo vidogo vyeupe vinavyoteleza na mji wote ni vilima, magoti yanaliona hilo.

Baba, kuhusu ada ya Dogo, nitatuma mwisho wa mwezi kwa njia ileile. Yule fundi wa paa asilipwe yote mpaka mvua moja kubwa inyeshe tuone.

Kesho kutwa narudi Ujerumani, Jumatatu kazini. Nitapiga simu nikifika. Msalimieni Shangazi wa Mbagala na jirani zetu wote, na Bibi abusiwe mikono yote miwili kwa niaba yangu.

Ni mimi mwanenu,
Kifunguamimba